Itafaa na Mabomba ya Kubonyeza

Shemeji yangu akifanya kazi huweka nati mdomoni. Simaanishi nati mpya kutoka dukani. Huweka nati yoyote: iliyotoka kwenye bomba la jikoni, iliyotoka chooni, iliyolala miaka ndani ya ute wa kijivu chini ya sinki. Anaifungua kwa spana, anaipangusa kwenye suruali kama mtu anayepangusa tunda, anaibana kwa meno, na kwa mdomo huohuo anakuambia, "Shemeji, hii bado nzima. Itafaa."

Neno hilo ndilo limekuwa jina lake. Wanangu walianza kumwita Baba Mdogo Itafaa wakiwa bado shule ya msingi, majirani wakalidaka, na sasa hata hospitalini anakofanya kazi sidhani kama wapo wengi wanaolijua jina alilopewa na wazazi wake. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, wa tumbo moja, ingawa ukiwaona pamoja ungeapa kwamba mmoja wao aliokotwa. Mume wangu alikuwa hakimu. Alipiga pasi hata leso. Aliwahi kumrudisha mtu getini na kuku wake mkononi, kuku akipiga kelele mtaa mzima ukisikia, kwa sababu mtu yule alikuwa na kesi mahakamani. Mdogo wake anaishi katika chumba cha uani kwangu, hana mke wala mtoto, na mara ya mwisho nilipochungulia chumbani kwake niliona ndoo imejaa vichwa vya mabomba vyenye kutu ya kijani, na juu ya vichwa hivyo, sahani yake ya chakula. Sijachungulia tena.

Naandika habari zake kwa sababu mtaani zimesimuliwa vibaya, na kila anayezisimulia huongeza chumvi yake. Nataka zikae sawasawa, maana jina lake ni jina letu.

Yote yalianza na sinki la bafuni. Lilikuwa na mabomba mawili: la kushoto, lililowekwa kwa ajili ya maji ya moto ambayo hatujawahi kuyaona, na la kulia la maji baridi. Yote mawili yalikuwa yamechoka. La kulia lilidondoka mchana na usiku hata likachora mstari wa kahawia kwenye sinki jeupe, mstari uliozishinda sabuni zote. La kushoto lilivuja shingoni, na Itafaa alikuwa amelifunga kitambaa. Kitambaa kile zamani kilikuwa soksi. Kilikaa pale kimelowa, kikaota weusi, kikawa laini na kuteleza kama kitu chenye uhai, na ukiinama kupiga mswaki pua ilifika kwenye soksi kabla ya macho kufika kwenye kioo. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kidole kilinuka hadi mchana. Nilikuwa nafumba macho nikipiga mswaki katika nyumba yangu mwenyewe.

"Naita fundi," nilimwambia.

"Fundi wa nini, shemeji, na mimi nipo?"

"Wewe upo, na soksi ipo."

"Lakini maji si yamezuiliwa?"

"Maji yamezuiliwa na watu wamezuiliwa. Hakuna mgeni anayeingia bafuni kwangu akatoka na hamu ya kula."

Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa akisikiliza mlangoni. "Mama, mwache. Siku Baba Mdogo akinunua kitu kipya dukani tutamwita daktari."

"Cheka tu, mama," Itafaa alimjibu. "Ukiolewa utanikumbuka."

Tungeendelea na soksi yetu kama binti yangu asingepata mchumba. Kijana ni mwalimu mwenzake, mtulivu, ana adabu. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa hospitali hiyohiyo ambako shemeji yangu alikuwa fundi wa matengenezo, na shemeji ndiye aliyemsifu kwanza. "Familia nzuri," alisema. "Mzee anaheshimika, ana gari, anajua watu." Wakapanga kuja Jumamosi kuzungumza rasmi.

Katika mazungumzo kama hayo baba wa binti ndiye anayesema. Baba hayupo. Basi ilikuwa zamu ya mdogo wake kukaa kwenye kiti cha marehemu, kile cha mbao chenye mikono mipana ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, na kusema kwa niaba ya nyumba.

Itafaa alilipokea jambo hilo kama mtu aliyepandishwa cheo. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba aseme neno mbele ya watu. Wamemwomba azibue, azibe, apande juu ya paa, ashuke kisimani. Aliniomba koti la kaka yake, akalipeleka kwa fundi cherehani likakatwe mikono, na jioni nilimsikia uani akilihutubia tangi la maji: "Wageni wetu wapenzi, karibuni sana." Alinyamaza, akakohoa, akaanza upya. "Wageni wetu wa heshima." Tangi halikumjibu, naye akaridhika.

"Siku hiyo jina la nyumba hii litakuwa mdomoni mwako," nilimwambia. "Usafishe mdomo."

"Nitausafisha, shemeji. Na bafu nalo usiwe na wasiwasi. Mabomba naleta. Mapya, yanayong'aa. Mkwe atanawa, mwenyewe aone amefika wapi."

Alhamisi nilirudi kutoka kikao cha bodi ya shule nikakuta binti yangu ananingoja barazani. Akanishika mkono. "Mama, njoo uone maajabu. Baba Mdogo kaleta vitu vya hoteli!"

Soksi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mabomba mawili mafupi, manene, yanayong'aa, yasiyo na kishikio cha kuzungushia. Juu yalikuwa na kichwa cha duara. Unabonyeza, maji yanatoka, kisha yanajizima yenyewe. Binti yangu alibonyeza. Maji yetu yanatoka kwenye tangi la juu ya paa na hayana nguvu, kwa hiyo bomba lilikohoa kwanza, likatoa maji, likachelewa kujizima, na mwisho likalia: psss, tk.

"Umeona? Unanawa mkono mmoja mmoja, kama mtu anayekula kiapo!" alisema akicheka.

Mimi sikucheka. Hakuna mtu anayefunga mabomba ya namna ile nyumbani kwake. Ni mabomba ya mahali ambapo watu hawaaminiwi kufunga maji: stendi, gerezani, hospitali. Na sauti ile niliijua.

Mume wangu alilazwa wodi ya wanaume kwa majuma mengi kabla ya kufariki. Mwanzoni wodi ile ilikuwa na sinki lenye mabomba ya kubonyeza, na usingizi wangu pale kwenye benchi ulikatwa na mlio huo, psss, tk, kila mgonjwa alipoamka. Asubuhi moja nikakuta mabomba hayapo. Matundu yamezibwa kwa vitambaa, na sakafuni pamewekwa ndoo ya plastiki yenye kopo moja. Muuguzi akaniambia yameharibika, yamepelekwa kutengenezwa. Tangu siku hiyo wodi nzima ilichota kwenye ndoo ile. Huyu anaosha kidonda, yule anasukutua, mwingine anatumbukiza vidole vyenye usaha, na kopo ni lilelile. Juu ya maji palielea utando. Mtu aliyepiga pasi leso, nilimnawisha uso kwa maji yale mpaka siku yake ya mwisho.

Niliinama nikatazama chini ya mdomo wa bomba. Hospitali ile hupaka alama ya buluu kwenye kila kilicho chake: vitanda, viti, ndoo, mpaka mifagio. Mtu alikuwa ameikwangua rangi kwa wembe, lakini wembe haukuingia kwenye mfereji mwembamba unaozunguka shingo. Buluu ilikuwa imebaki humo.

Mate yalinijaa mdomoni. Nilitoka nje nikatema kwenye maua, jambo ambalo sijawahi kulifanya, kisha nikamfuata Itafaa uani. Alikuwa akiosha spana huku anapiga mbinja.

"Umeyatoa wapi?"

"Umeyaona, shemeji? Shaba tupu! Yale hata mjukuu wako..."

"Nimeuliza umeyatoa wapi."

Mbinja zilikuwa zimekwisha. "Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu ana jina."

Akaendelea kuisugua spana iliyokwisha takata. "Yalikuwa yamekaa tu, shemeji. Na kitu kikikaa bila kazi..."

"Ukisema itafaa nitakufukuza uwanjani kwangu. Yale ni mabomba ya hospitali. Nimeiona buluu. Wagonjwa wameyabonyeza kwa vidonda vyao, na wewe umeyafunga mahali mtoto wako anapopigia mswaki. Uliyaiba?"

"Sikuiba."

"Basi taja aliyekupa."

Alinyamaza. Namjua mtu yule. Kunyamaza si kazi yake. Anaweza kukueleza habari za kipira cha bomba mpaka chai ipoe. Lakini pale alijikausha, macho kwenye spana.

"Shemeji, nitukane utakavyo," alisema mwishowe. "Lakini hilo usiniulize."

"Sawa. Sikuulizi. Ila kiti cha kaka yako hutakikalia. Jumamosi nitasema mwenyewe. Siwezi kumkalisha pale mtu aliyeingiza uchafu katika nyumba ya hakimu, halafu aseme mbele ya wakwe kwamba sisi ni watu safi."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliuliza tu, "Koti nalo nilirudishe?"

"Koti limeshakatwa mikono. Kaa nalo."

Nilimwita fundi bomba wa mtaa wa pili Ijumaa, nikamwambia ayatoe yale, afunge ya kawaida. Aliingia chini ya sinki na tochi, akatoka anatikisa kichwa.

"Mama, nani kachonga hapa?"

"Kwa nini?"

"Shina la mabomba haya ni nene kuliko matundu ya sinki lako. Aliyeyafunga kachukua tupa akayapanua matundu. Ukiweka bomba la kawaida sasa litacheza humu kama jino bovu. Hapa ni kubadili sinki, na sinki mimi silipati kabla ya Jumatatu." Akachungulia tena. "Ila huyo mtu ana subira, mama. Kuchonga sinki hivi bila kulipasua!"

Nilimwambia sifa zake ampelekee mwenyewe. Nikafunga bafu kwa ufunguo. Choo chetu kina mlango wake, kwa hiyo mgeni hangepata shida huko. Barazani niliweka jagi, beseni na taulo jeupe. Usiku ule tulinawa uani, kila mtu na lake moyoni.

Jumamosi walikuja baba, mama na kijana. Baba ni mtu mnene wa vicheko, na marashi yake yalifika sebuleni kabla yake. Nilikaa kwenye kiti cha marehemu. Itafaa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa koti lake, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Ah!" mgeni alisema. "Mimi nilidhani leo Itafaa ndiye baba."

"Leo nitasema mimi," nilijibu.

"Haya, haya. Mwenye nyumba ndiye mwenye amri." Binti yangu alikuwa anaingia na sinia ya vitafunio. Mgeni akainua viganja vyake. "Ngoja kwanza ninawe, mkwe. Bafu liko wapi?"

"Tumekuwekea maji barazani. Bafu limeharibika."

"Limeharibikaje?" Akamgeukia Itafaa, uso umejaa kicheko. "Wewe! Si juzi tu nimekupa mabomba mawili kwa mkono wangu huu? Umeshindwa kuyafunga?"

Itafaa alikuwa akitazama vifungo vya koti.

"Ni wewe uliyempa?" niliuliza.

"Mimi! Nani mwingine mwenye ufunguo wa stoo? Huyu alinieleza habari za ile soksi yenu, nikacheka mpaka nikalia. Nikamwambia hapana, wakwe zangu hawawezi kunawa kwenye soksi. Kwangu nimefunga manne. Mama huyu hapa shahidi." Mkewe alitikisa kichwa kukubali, akitabasamu. "Yametoka wodi ya wanaume. Miaka sasa, na hayajawahi kusumbua. Imara yale!"

"Na wagonjwa wa wodi ya wanaume wananawa wapi?"

"Wagonjwa?" Alichukua njiti ya kiberiti mezani akaanza kuchokonoa jino la nyuma, mdomo wazi. "Mgonjwa anataka bomba la nini, mkwe? Ndoo inamtosha. Wengine hata hawainuki." Akaitazama ncha ya njiti, akairudisha mdomoni.

Nimewahi kukuta panya amekufa ndani ya pipa la unga tulilokuwa tukilitumia. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakitamani kichefuchefu cha panya yule. Mtu yule alikuwa amekaa kwenye kochi langu, shati lake safi, kucha zake safi, na mimi niliuona ule utando unaelea juu ya ndoo, na uso wa mume wangu ukiwa chini ya kitambaa changu chenye maji yale.

Ndipo nilipoelewa kwa nini Itafaa alinyamaza. Angelitaja jina lile Alhamisi, ningefunga geti siku ileile, na posa ya mtoto ingeishia hapo. Aliona heri aitwe mwizi katika uwanja wa kaka yake. Sikumwomba radhi kwa hilo, na sitamwomba. Kupokea alipokea, na buluu aliikwangua akijua anakwangua nini. Lakini jambo lililokuwa limewekwa katikati ya sebule ile lilihitaji kujibiwa na baba wa binti, na mimi si baba yake.

Nilisimama. "Shemeji. Njoo ukae."

Aliinua macho. "Mimi?"

"Njoo ukae hapa, ulijibu hili."

Alikuja polepole, akajipangusa koti nyuma kwa viganja, akakaa ukingoni mwa kile kiti kama kina moto. Nilingoja aanze na "Wageni wetu wa heshima." Maneno yote aliyoliambia tangi yalikuwa yamemkimbia.

"Mzee," alisema. "Kaka yangu alifia wodi ile."

Uso wa mgeni ulimshuka. "Pole sana. Mimi sikujua..."

"Mimi nilijua. Nilijua na nikachukua. Hilo ni langu, silitupi kwa mtu. Jumatatu nitayarudisha, na wakiniuliza niliyapata wapi, nitasema."

"Utasema?" Njiti ilidondoka kwenye zulia langu. "Itafaa, una akili wewe? Utafukuzwa kazi! Tutafukuzwa wote! Na hawa watoto je? Umewafikiria hawa watoto?"

"Watoto si hawa hapa? Waulizwe."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Aliposema alisema kwa sauti ndogo, na mama yake akaanza kumvuta shati kabla hajamaliza neno la kwanza. "Baba, hujawahi kujiuliza kwa nini mimi nanawa uani? Tangu uyafunge yale mabomba sijayagusa." Kisha akamgeukia mtu aliyekaa kwenye kiti. "Baba, mimi nimekuja kumwomba binti yenu. Kama mzee wangu hataki kuendelea, nitasema mwenyewe."

"Na mimi nimekubali," alisema binti yangu, akiwa bado ameshika sinia. Shule zote nilizompeleka hazikumfundisha kungoja aulizwe.

Itafaa alinitazama. Sikumsaidia hata kwa ukope. Akashika mikono yote miwili ya kiti.

"Kijana tumempokea," alisema. "Mabomba hatukuyapokea."

Jumatatu aliyafungua, akayafunga kwenye gazeti, akaenda nayo kazini. Aliporudi alisema kazi kubwa haikuwa kukiri. Kazi ilikuwa kumpata mtu wa kuyapokea, maana ofisi ile ilikuwa imezoea vitu vinavyotoka na hakuna aliyejua la kufanya na kitu kinachorudi. Mwishowe aliyafunga mwenyewe wodini, kwenye matundu yaleyale, bila kuagizwa na mtu. Uchunguzi ulikuja baadaye. Mtunza stoo alistaafishwa mapema, kwa sababu za afya, ndivyo ilivyotangazwa. Shemeji yangu alitolewa kwenye matengenezo, akapewa ufagio wa uwanja, na anao mpaka leo. Mtaani wanasema alikamatwa akiiba mabomba. Hakukamatwa. Alikwenda kwa miguu yake, amevaa koti la kaka yake, na aliyemfungulia geti la nyumba hii asubuhi ile ni mimi.

Siku ya harusi mpiga picha alitupanga mstari mmoja, akataka wazee wa pande mbili washikane mikono. Baba wa bwana harusi alininyooshea mkono mimi kwanza. Mikono yangu ilikuwa ndani ya mtandio, ikabaki humo. Akaupeleka mkono wake kwa Itafaa. Itafaa aliushika kwa ajili ya mtoto, akatabasamu mpaka taa ya kamera ikawaka. Kisha akaniinamia sikioni, akaniuliza taratibu kama najua mahali pa kunawia katika ukumbi ule ni upande gani.